Walioitwa Alfred

Jioni ile watu wa Durban walikuwa wakiingia duka la Penhallow kununua mashuka na sufuria kwa bei ya kutupa. Ntombikayise Cele aliingia kumchukua baba yake, ambaye alikuwa amekufa tangu yeye akiwa msichana wa shule.

Chini ya koti alikuwa na tawi la mkunazi. Lilimchoma ubavuni kila alipopiga hatua. Miiba ya mkunazi hukaa miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kurudi nyuma, na kwa Wazulu huo ndio mti unaobeba wafu. Mtu akifia mbali na kwao, mwili huzikwa nyumbani, lakini roho hubaki palepale ilipotoka, imeduwaa. Itakaa hapo mpaka mtu wa damu yake aende na tawi, amwite, amwambie twende. Ukienda kumwita mahali asipokuwepo, utarudi na kuni.

Na akina Cele walirudi na kuni. Waliambiwa Bhekokwakhe, baba yake Ntombikayise, amefia hospitali, wakaenda hospitali, wakaita, wakachinja mbuzi, wakanywa, wakalala. Tangu hapo nyumba haikutulia. Mdogo wa marehemu, mzee Mfanufikile, alimwota kaka yake mara kwa mara akiwa amesimama nyuma ya nondo, anatazama tu, hasemi. Waganga walikula fedha zao, manabii wakala zilizobaki, nondo zikawa zilezile.

Mpaka Anti Moodley alipofungua mdomo.

Huyu alikuwa mama wa Kihindi wa kitengo cha vitambaa, na Ntombikayise, ambaye hushona mapazia kule uMlazi, alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Penhallow ilipotangaza kwamba inafunga, Anti alimfungia mabaki ya majora yake, kisha akamshika mkono juu ya kaunta asiuachie.

"Mwanangu, neno hili nimelikalia miaka. Baba yako hakufia hospitali."

"Alifia wapi, Anti?"

"Kwenye lifti ya mizigo. Unajua aliendesha zote mbili, hiyo na ya wateja. Duka lilikuwa limefurika, mauzo ya mwaka mpya. Meneja akasema mteja hata mmoja asione. Wakamfunika zulia, wakamtoa kwa mlango wa takataka. Hospitali walipokea maiti."

"Na nyinyi mkanyamaza."

"Tukanyamaza. Nilikuwa na watoto wa kulisha."

Hakujitetea zaidi ya hapo, na Ntombikayise hakumtukana, ingawa matusi yalimfika kooni.

Lazima niseme kwamba Penhallow haikuwa duka la kuchezea. Mzungu wa kwanza wa jina hilo alianza na majora machache ndani ya banda la bati, na alipokufa jina lake lilikuwa juu ya majengo ya ghorofa Durban, Pietermaritzburg, East London, mpaka Bloemfontein. Wakati wa Krismasi watu walipanda treni waje kutazama madirisha tu. Ghorofa ya nne Wazungu walikunywa chai huku kinanda kikipigwa. Weusi walinunua wamesimama, na kofia hawakuruhusiwa kuijaribu, maana ikishagusa kichwa cheusi haiuziki tena. Kisha sheria zile za ubaguzi zikafa, milango ikawa ya wote, na wenye magari wakahamia maduka mapya ya nje ya mji. Penhallow ilitufungulia mlango wakati yenyewe inatoka. Matawi yake yakakauka moja baada ya jingine, likabaki hili la Durban, na leo ilikuwa siku yake ya mwisho. Kesho mafundi wangekuja kupigilia mbao.

Kwa hiyo ilikuwa leo.

Mzee Mfanufikile aliegesha pikapu kwenye uchochoro wa nyuma. Goti lilikuwa limemwisha, ngazi hakuziweza, ndiyo maana kazi ikamwangukia binti.

"Akishakuja, mdomo wako ni wa kwake peke yake," alimwambia. "Usiseme na mimi. Usiseme na mlinzi, hata akukanyage. Mweleze kila kona, kila mto. Ukisema na mtu mwingine umemwangusha. Na aliyeangushwa njiani hamwachi aliyemwangusha, unasikia?"

"Nasikia, baba mdogo. Na asipokuja?"

"Mwite kwa jina lake la nyumbani, na jina la ukoo, na majina ya sifa ya ukoo wetu, Ndosi, Magaye. Halafu subiri. Kaka yangu hakuwa mtu wa kukimbiakimbia, hata akiitwa kula."

Ndani, sanamu za kuvalishia nguo zilisimama uchi, zimefungwa bei shingoni. Ngazi za umeme zilikuwa zimekufa. Harufu ya poda za zamani ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye kitengo cha manukato, ingawa manukato yenyewe yalishaisha. Anti Moodley alimpitisha nyuma ya pazia, wakashuka chini ya ardhi, mahali ambapo mteja hakuwahi kufika.

Mlinzi mmoja mnene alisimama penye kona. Akaona mwiba umetokeza kwenye koti. Akavua kofia, akasogea ukutani.

"Nafunga sasa hivi, Anti," alisema kwa sauti ya chini, macho kayainamisha. "Mfanye haraka kidogo. Na mimi hapa sipapendi."

Lifti ya mizigo ilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya geti la chuma la kukunja. Nondo. Ntombikayise aliziona akakumbuka ndoto za baba yake mdogo.

"Anti, hii inafanya kazi?"

"Ifanye kazi na nini? Nyaya wameshauza."

Anti alirudi nyuma. Ntombikayise akatoa tawi, akalishika kwa mikono miwili.

"Bhekokwakhe," aliita. "Cele. Ndosi. Baba, ni mimi, Ntombikayise. Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Maji yalidondoka mahali fulani. Juu, viatu vya wateja vikaburuta, vikapungua, vikaisha.

"Bhekokwakhe, Ndosi..."

Tawi lilikuwa bado jepesi mikononi. Mwishoni mwa korido funguo za mlinzi zililia. Alimpenda baba yake, na miaka yote hii mtu yule alikuwa amesimama gizani huku wao wakila nyama ya mbuzi wake. Itakuwaje mlango ufungwe leo akiwa bado humu?

Ndipo akapata wazo, na wakati ule lilionekana wazo zuri. Ndani ya jengo hili nani aliwahi kusema Bhekokwakhe? Hapa kengele ilikuwa ikilia, mtu anapaza sauti, na baba yake anakuja kwa jina alilopewa na duka. Nyumbani jina hilo lilikatazwa. Aliyelitamka alilala bila kula. Lakini hapa si nyumbani.

Akasogeza mdomo kwenye nondo.

"Alfred."

Juu kabisa, kitu kikagutuka.

Krrr... krrr...

Chuma kilisugua chuma. Kilishuka polepole, kikapita ghorofa moja, kikapita nyingine. Anti Moodley alijiziba mdomo kwa ncha ya sari yake. Upepo wa baridi ukatoka penye geti, na ndani yake harufu ya dawa ya kung'arishia shaba na sabuni ya kufulia.

Lifti ikasimama. Ilikuwa tupu.

Geti likajikunja lenyewe.

Tawi likawa zito ghafla, zito kwa namna mtoto anavyokuwa mzito akishasinzia begani. Machozi yalimtoka Ntombikayise, machozi ya furaha, sina sababu ya kuficha.

"Umekuja," alisema. "Haya, baba. Hapa ni korido. Sasa tunapanda ngazi. Huu ni mlango wa takataka, baba, unisamehe, leo unatoka umesimama."

Mlinzi aliwapa mgongo walipopita.

Mzee Mfanufikile aliona jinsi tawi lilivyompinda mikono. Hakusema neno. Alifungua nyuma ya pikapu, kwenye bodi iliyofunikwa, ambako alikuwa ametandika blanketi jipya. Wakapanda, binti na mzigo wake. Kati yao na mzee palikuwa na kioo kidogo kilichofungwa, na injini ile ilikuwa na kelele za kuamsha kijiji.

Waliishika barabara ya kusini giza likiingia.

"Baba, hapa Isipingo," alisema. "Hapa Amanzimtoti. Bahari iko kushoto kwetu."

Walivuka mto uMkhomazi, akamwambia. Mashamba ya miwa yakaanza, akamwambia. Moyo wake ulikuwa mweupe.

"Hii si njia ya kwetu."

Sauti ilitoka kwenye blanketi. Ilikuwa nyembamba, ya mzee sana, na maneno ya Kizulu yalitamkwa kwa lafudhi ya watu wa Nyasa.

Haikuwa sauti ya baba yake.

Ntombikayise alitaka kupiga kelele, kelele zikagoma. Akabaki ameshika tawi. Miiba ilikuwa imeingia kiganjani na hakuisikia.

"Kwetu hakuna bahari, madamu," sauti iliendelea, kwa adabu. "Kwetu kuna ziwa."

"Wewe nani?" alinong'ona.

"Alfred."

"Alfred ni baba yangu."

"Huyo ni Alfred wa nne. Mimi ni wa kwanza. Beji ilikuwa ya shaba, jina limeshachongwa. Kuchonga nyingine waliona hasara. Kila aliyeletwa kuendesha lifti alibandikwa ileile."

"Wote mlifia humo?"

"Mmoja alifia kwenye lifti. Wengine tulifia kazini hivi hivi, taratibu. Ukiingia mule kijana ukatoka umeinama, kuna kilichobaki ndani."

Pikapu iliruka shimo. Tawi lilimlemea magotini.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Alikuwa anakuja, madamu. Ulipoita lile jina la kwao, alivua kofia, akaanza kushuka ngazi. Si mwepesi, unamjua. Alikuwa ameshafika ghorofa ya pili. Ndipo ukaita Alfred. Akasimama. Duka lina utaratibu wake. Akiitwa Alfred, anatangulia mkubwa. Alinifungulia geti yeye mwenyewe."

Alikuwa ghorofa ya pili. Kama angevumilia kidogo tu, kama angeufunga mdomo wake, baba yake ndiye angekuwa kwenye blanketi lile. Ntombikayise alilia bila sauti, akajichukia. Kisha akainua mkono agonge kioo. Baba mdogo angesimama, angeuliza kuna nini, angemjibu, na mgeni huyu angeanguka hapo hapo kwenye miwa. Kisha wangegeuza gari.

"Usigonge," sauti ilinong'ona. "Nakuomba. Ukinitupa hapa nitabaki hapa. Mimi hakuna atakayekuja na tawi. Walionijua wamekufa. Jina langu lenyewe... nilikuwa nalo."

Mkono ulibaki hewani. Alimwogopa, kwanza. Alikumbuka la kuangushwa njiani na nani hufuatwa. Lakini alimhurumia pia, na hilo ndilo lililomponza. Akajiambia kwamba mbao si ukuta. Kesho atakata tawi jingine, atarudi, ataita vizuri. Nyumba ya Cele ni kubwa, mgeni atapata pa kujikunja.

Akashusha mkono.

"Tunaacha lami sasa," alisema. "Hapa tunapanda vilima vya uMzumbe."

"Asante, madamu."

Nyumbani watu walikuwa wamekaa kimya wakiwasubiri. Ntombikayise aliingia katika ile nyumba ya mviringo, akaenda mpaka ukuta wa nyuma, mahali pa wazee waliotangulia, akalaza tawi. Mikono ikawa myepesi. Alikuwa huru kusema sasa, na alijua atakachosema. Baba mdogo ataita, hakuna atakayejibu, mzee atashtuka, naye atamweleza yote.

Mzee Mfanufikile alipiga goti lake bovu chini.

"Bhekokwakhe," aliita, sauti imejaa machozi. "Mwana wa mama. Ndosi. Magaye. Umefika kwenu."

Moto ukapasuka.

Kwenye ukuta mtu akakohoa. Kikohozi cha baba yake, kile cha kukatisha katikati. Na sauti nzito, ya baba yake kabisa, ikaitika.

"Nimefika, mdogo wangu."

Wanawake walilia. Mzee alianguka kifudifudi, mabega yakimtikisika, na uso alioinua ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo wa nusu ya maisha yake.

"Baba mdogo," Ntombikayise alisema. "Huyo si yeye."

"Nini?"

"Nilikosea kuita. Huyo ni mtu mwingine. Baba amebaki Durban."

Mzee alipangusa machozi. "Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Amenijibu. Unataka nimfukuze kaka yangu mlangoni kwake, wewe?"

"Baba mdogo, nisikilize..."

"Umechoka, mwanangu. Kazi ya tawi si ya mchezo. Nenda kalale."

Walitoka kwenda kwenye mbuzi. Yeye alibaki nyuma kidogo, ameelekea ukuta. Ile sauti nyembamba ikamjia karibu na sikio, taratibu, haina ubaya wowote ndani yake.

"Usinikasirikie, madamu. Mimi nimezoea. Jina ninalopewa ndilo ninaloitikia."

Kesho yake Ntombikayise alikata tawi mwenyewe, hakumuaga mtu, akapanda basi la Durban. Jioni ilimkuta uchochoroni. Mbao zilikuwa zimeshapigiliwa madirisha yote ya Penhallow, na herufi za jina zilikuwa zimeng'olewa ukutani, mahali pake pamebaki weupe. Mlango wa takataka ulikuwa na ufa chini ya ubao. Akapiga magoti kwenye lami, akaweka mdomo.

"Bhekokwakhe. Cele. Ndosi. Ni mimi, Ntombikayise."

Safari hii alisubiri. Taa za barabarani ziliwaka. Mtu alipita na toroli la makopo, akaona tawi, akabadili njia. Magoti yalimuuma, akasubiri. Hata kama ni mpaka asubuhi, alijiapia, neno jingine halitatoka mdomoni mwangu.

Krrr...

Ilishuka. Ikasimama. Viatu vikaja kwenye saruji, vizito, visivyo na haraka, na alivijua tangu vilipokuwa vikirudi nyumbani mwisho wa mwezi naye akivikimbilia barabarani. Vikafika mpaka nyuma ya ubao. Kikohozi kikakatika katikati.

"Baba," alisema. Alikuwa akicheka na kulia. "Baba, ni wewe. Nimekuja. Bhekokwakhe, twende nyumbani."

Upande wa pili mtu alivuta pumzi. Sauti ilikuwa nzito, ya upole, ile aliyowawekea wateja.

"Bhekokwakhe ameshachukuliwa, madamu. Walikuja watu wa kwao jana."

"Hapana. Baba, nisikilize. Bhekokwakhe ni wewe. Mimi ni mwanao."

"Nilisikia anaitwa huko kwao," sauti ilisema, "na nikamsikia anaitika. Mimi ni Alfred."

Tawi lilikuwa jepesi mikononi mwake. Ndani, geti la chuma likajikunja, likabaki wazi, likisubiri.

"Ghorofa ya ngapi, madamu?"